Kabla Hujanunua Mashine ya Pili: Kwa Wanaoanza Karakana Nyumbani

Jumamosi iliyopita nilipanda kilima cha Mabatini, hapa Mwanza, kwenda kwa kijana aliyeniomba nikaione karakana yake mpya. Nilikuta chumba kilichofagiliwa vizuri, bati jipya, na mashine tano zilizopangwa juu ya maboksi yake: grenda, keekee ya umeme, randa ya umeme, jigiso na msumeno wa meza. Hapakuwa na meza ya kazi wala jiriwa. Kwenye kona, ambako ukuta umejengwa ukiegemea jiwe kubwa la kilimani, zilisimama mbao tisa mbichi za mkaratusi, na chini ya kila moja palikuwa na alama ya maji. Nilihuzunika kweli, kwa sababu lilikuwa kosa langu la mwaka 2014 limesimama pale ukutani likinitazama.

Huyu ni kijana wa nne kunionyesha karakana ya namna hiyo tangu mwaka uanze. Mna bidii kuliko tuliyokuwa nayo sisi, na mnajinyima ili kununua vifaa, jambo linalonifurahisha sana. Lakini mnanunua kwa mpangilio uleule uliotupotezea fedha na mbao. Ninawaandikieni ninyi mliokwisha kushika randa na kujua tofauti ya patasi na tezo, kwa hiyo sitaeleza kila kifaa ni nini.

1. Chumba. Mawe yetu ya Mwanza ni mazuri kuyatazama, lakini wakati wa masika maji hupita katikati yake, na ukuta unaoligusa jiwe hubaki na unyevu hata mvua zikiisha. Acheni nafasi ya futi mbili kati ya ukuta huo na kitu chochote cha mbao au cha chuma. Pimeni pia mlango kabla ya kupima kitu kingine. Mbao zetu nyingi huja na urefu wa futi 12, nanyi mnajenga vyumba vya futi 10 kwa 12, kisha mnashangaa kwamba ubao haugeuki. Wekeni dirisha likabiliane na mlango, kwa kimo kilekile cha meza ya kazi, ili ubao mrefu uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili unapokatwa. Nina rafiki wa Igogo aliyetengeneza kabati la milango mitatu la bibi harusi, akaligundisha lote akiwa ndani, na asubuhi ya kulipeleka akalazimika kubomoa matofali ya pembeni mwa mlango huku gari la kukodi likisubiri barabarani. Kabati lilifika ukumbini saa tisa alasiri, likiwa na vumbi la saruji.

2. Meza ya kazi. Itengenezwe kabla ya kununua mashine yoyote, iwe nzito, miguu ya inchi nne kwa nne, na kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono wako ukiwa umesimama wima na mikono imelegea. Paini ya Sao Hill inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mashine isiyo na mahali pa kushikia mbao itakulazimisha ushike mbao kwa goti, na nimeona magoti ya watu waliofanya hivyo.

3. Umeme. Msumeno wa wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9, na huvuta zaidi unapoanza kuzunguka au unapobanwa na mbao. Soketi ya karakana inataka waya wa milimita za mraba 2.5 na breka yake yenyewe. Msiunganishe na waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 kwa sababu tu ulikuwa karibu. Ekstensheni ya kuzungushwa ikunjueni yote kabla ya kuwasha mashine. Waya uliobaki kwenye gurudumu lake hauna pa kutolea joto, na plastiki yake huanza kuyeyuka ndani, mahali msipopaona. Jioni, umeme unapopungua nguvu, zimeni msumeno wa meza. Mota ya induksheni, ile isiyo na brashi za kaboni, ikipata volti kidogo huvuta ampea nyingi zaidi ili ibebe mzigo uleule, na hapo ndipo inapoungua.

Jambo la ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, linanitia hofu kuliko yote katika mji huu. Nondo ya ethi hupigwa ardhini, ikafika futi mbili, ikagonga jiwe. Fundi mwenye haraka huikata iliyobaki, akaifukia, akalipwa, akaondoka. Ukitazama unaona waya wa kijani na njano umefungwa vizuri, kumbe chini hakuna kitu. Mwiteni fundi umeme mwenye kipimo cha ethi, asimame mbele yenu na kuwasomea namba. Mwambieni pia afunge kifaa kinachokata umeme unapovuja, hata kama itawalazimu kuahirisha kununua jigiso kwa miezi miwili.

4. Grenda. Kijana wa Mabatini alikuwa ameondoa kinga ili diski ya milimita 180 iingie kwenye grenda ndogo ya milimita 115. Nilimketisha chini tukapiga hesabu pamoja. Grenda ile huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 180 kwa mwendo huo, ukingo wake hukimbia kama mita 104 kwa sekunde, wakati diski yenyewe imeandikwa kwamba mwisho wake ni mita 80. Diski inayopasuka kwa mwendo huo haikupi nafasi ya kukwepa. Aliirudisha kinga mbele yangu, nami nikaondoka na ile diski kubwa.

5. Mbao mbichi. Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu jambo hili ndilo lililonifanya niandike.

Baba yangu alipanda mikaratusi mitatu nyuma ya nyumba yetu huko Ukerewe. Miwili ilikatwa zamani ikaezekea nyumba. Wa tatu aliuacha ukue, akawa anasema kwamba ule ni wa kazi maalumu, na alifariki kabla ya kutuambia kazi hiyo ni ipi. Mwezi Machi 2014 upepo wa masika uliuangusha usiku. Asubuhi mama alinipigia simu akaniambia kwamba mti wa baba umelala chini na kwamba wachoma mkaa wameshafika kuuliza bei. Nilivuka na meli ya Nansio siku hiyohiyo. Niliporudi nilikuwa na mbao kumi na moja za inchi mbili kwa kumi, nyekundu kama udongo wa mfinyanzi, nzito kiasi kwamba tulihema watu wawili kuinua ubao mmoja. Uzito ule ulikuwa maji, nami niliuchukulia kuwa ni ubora.

Niliamua kwamba kazi maalumu ni meza ya kulia ya mama. Familia yote ilikuwa ikutane mwezi Juni kwa misa ya kumbukumbu ya baba, na nilitaka watu wale juu ya mti wake. Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa Kirumba kipande ili anishauri kuhusu randa. Alikiweka shavuni, akanirudishia, akasema, "Mwalimu, hii bado ina maji. Ilaze, uje mwakani." Nilimshukuru, nikatoka, na njiani nikajiambia kwamba wazee hupenda kuchelewesha mambo. Nilikuwa nimeilaza mbao ile kwa wiki tano tu. Mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao zangu zilihitaji miaka miwili.

Niliunganisha mbao nne zikatoa uso wa meza wenye upana wa sentimeta 95 na urefu wa mita mbili. Chini yake nilipitisha mikingamo mitano ya inchi mbili kwa tatu, nikapaka gundi kila mahali palipogusana, kisha nikakaza skrubu 28 hadi bisibisi ikanitoa malengelenge. Niliamini kwamba kitu kikishikiliwa kwa nguvu za kutosha hakitasogea. Nilipaka vanishi mara nne. Mwezi Juni wajukuu, shangazi na wajomba walikula juu ya meza ile, na baba mdogo, ambaye si mtu wa maneno mengi, alipitisha kiganja chake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kusema kitu. Sijawahi kupata sifa iliyonigusa kama ile.

Mwezi Agosti, katikati ya kiangazi, mama alipiga simu alfajiri. "Mwanangu," alisema, "meza imelia usiku." Alidhani mtu amevunja mlango. Nilipofika nilikuta ufa umepita katikati ya ubao wa pili kwa zaidi ya mita moja, mpana kiasi cha kuingiza kidole cha mtoto, na maungio mawili yameachia kwenye ncha.

Sababu yake mnaijua kwa maneno, lakini naomba muione kwa macho. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana. Kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Uso wa meza yangu ulitaka kupungua zaidi ya sentimeta mbili kwa upana. Mikingamo niliyoipitisha chini ilikuwa imelala kwa urefu wake katika upana huohuo, na haikupungua hata kidogo. Nilikuwa nimefunga kinachopungua kwenye kisichopungua, kwa gundi na skrubu 28, na mkaratusi husinyaa zaidi sana kuliko mninga. Kama ningefanya kazi mbovu zaidi, skrubu zingelegea na uso ungepona.

Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilijaza ufa kwa gundi na unga wa msumeno, nikaupiga msasa, nikapaka vanishi. Mvua za Novemba zilipokuja mbao zilinyonya unyevu, zikavimba, zikakuta pale pa kurudia pamejazwa, na ungio jingine likapasuka. Nilitaka kuibomoa meza yote, lakini mama alinizuia. Alifuma kitambaa cheupe kirefu, akakilaza juu ya ufa, akapanga vikombe juu yake. Kila nikienda nyumbani ninakula mbele ya kitambaa kile. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na ninyi mlio na mama mnaelewa hilo lina uzito gani.

Mbao saba zilizobaki nilizilaza hadi mwaka 2016, nikatengeneza mabenchi mawili ambayo hadi leo hayajapinda. Nilizilaza hivi: juu ya matofali, mbali na ukuta, zikitenganishwa na fito za inchi moja kila baada ya futi moja na nusu, fito za juu zikiwa zimenyooka sawasawa na za chini, na mawe mazito juu kabisa. Ncha za kila ubao nilizipaka rangi ya zamani, kwa sababu ncha hukauka upesi kuliko katikati na ndipo nyufa zinapoanzia. Kipande kidogo kutoka katikati ya ubao kilipimwa kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili na uzito ukaandikwa. Uzito uliposimama palepale kwa wiki nyingi mfululizo nilijua mbao zimepatana na hewa ya hapa. Na uso wa meza sasa ninaushika kwa vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi: ulimi unaingia kwenye mfereji uliochongwa ndani ya fremu, skrubu inaingia kwenye uso peke yake, na uso unabaki huru kupanuka masika na kupungua kiangazi. Vipande kumi vyatosha meza ya watu wanane, na huchukua asubuhi moja kuvichonga.

6. Vumbi. Vaeni barakoa kila mnapokata au kupiga msasa, hata kwa dakika mbili; vumbi la mninga na la mvule huwasha ngozi na kuziba kifua kwa watu wengi, na tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

7. Vanishi. Pakeni asubuhi. Mnaokaa Nyegezi, Bwiru na kote kando ya ziwa mnawajua vijidudu wanaoinuka majini kama moshi na kufuata taa jioni. Taa ya karakana ikiwaka juu ya vanishi mbichi, watatua kwa maelfu, na hakuna njia ya kuwaondoa ila kusubiri ikauke na kupiga msasa upya. Mwezi unapoandama huwa wengi zaidi, kwa hiyo mimi hutazama kalenda kabla ya kufungua kopo.

8. Majirani. Waambieni saa zenu za kelele kabla hawajauliza, na mtoto wao akivunja kiti mtengenezeeni bure.

Kijana wa Mabatini nilimsaidia kuzitoa mbao zake tisa pale jiweni. Tulizilaza barazani juu ya matofali, tukapasua fito kutoka kwenye kreti la mbao, na mke wake akatuletea mizani ya jikoni. Kipande cha kupimia kilikuwa gramu 612. Ameniandikia jana kwamba kimeshuka hadi 571, akauliza kama sasa anaweza kuanza kutengeneza kitanda. Nimemwambia asubiri, na kwamba Jumamosi ijayo nitakuja na mbao kavu za paini tutengeneze meza ya kazi.