Usitume hicho kianzio: boti, mwongozaji na tiketi ni bei tatu

Mkuu, usitume hela. Soma hapa kwanza, habari za viatu na makoti baadaye.

Umeandika mko watano: wewe, mkeo, mama mkwe na watoto wawili. Mnatoka Milano, Italia, kwa siku moja, mwezi wa nne. Kwenye kundi la WhatsApp kuna ndugu yetu anakuuzia "ziara binafsi ya visiwa vitano vya Ziwa Maggiore, boti yenu wenyewe, mwongozaji ndani, kila kitu ndani", nusu siku, euro 450, na anataka kishika uchumba, yaani kianzio, cha nusu kabla ya Ijumaa. Kisha ukauliza mle wapi, mvae nini, mlale Stresa au Baveno, miji ya kando ya ziwa hilo, na kama Ziwa Como si bora.

Hilo neno "kila kitu ndani" ndilo limenitoa usingizini. Nimeshaliwa na neno hilo, tena na mtu mwenye sauti nzuri ya kuita watu "ndugu yangu". Sitaeleza zaidi, shemeji zangu wamo humu.

Anza na hivyo visiwa vitano. Visiwa vya Borromeo, vinavyoitwa kwa jina la ukoo wenye makasri ya Bella na Madre, unavyoshuka ukatembea ni vitatu: Isola Bella, Isola Madre na Isola dei Pescatori. Cha nne, San Giovanni, kiko karibu kabisa na mji wa Pallanza na ni makazi ya watu binafsi. Hushuki. Boti inapunguza mwendo, unaangalia miti na kuta, mnaendelea. Cha "tano" kinaitwa Malghera, ni mwamba wenye vichaka katikati ya Bella na Pescatori, kama mita za mraba 200 tu. Watu wakiwa wamezoea kununua viwanja wataelewa: hapo hata mchoro wa nyumba hauingii. Mtu anayekuhesabia Malghera kama kisiwa cha kutembelea anakuhesabia na vitu vingine pia.

Sasa kanuni yenyewe, na ukisahau mengine yote bakia na hii: boti, mwongozaji na tiketi ni huduma tatu, za watu watatu tofauti, na kila moja inatozwa kwa namna yake. Boti inatozwa kwa boti nzima na kwa muda. Mwongozaji anatozwa kwa kundi, na Italia kwa kawaida wanahesabu nusu siku au siku nzima. Tiketi za kasri zinatozwa kwa kichwa, watoto wana bei yao ya chini. Asiyekutenganishia hizo tatu kwa maandishi, kila moja na bei yake, amekuuzia moja na kukuachia mbili uzigundue mwenyewe gatini, mama mkwe akiwa amesimama na pochi yake.

Inavyokwenda ni hivi. Ulicholipia ni boti. Nahodha anawapokea vizuri, kofia nyeupe, anawasaidia kupanda, mnavuka kutoka Stresa hadi Isola Bella kwa dakika chache tu kwa sababu kisiwa kiko pale pale mbele ya macho. Njiani anaonyesha kidole: kile kisiwa fulani, ile hoteli fulani. Mnashuka. Yeye anageuza boti. "Nitawafuata baada ya dakika arobaini na tano." Mwongozaji yuko wapi? Ndiye huyo huyo, anayeondoka. Ni sawa na kupanda daladala ya Mbagala ukaambiwa kondakta ndiye mhadhiri wa historia.

Na si kwamba nahodha ni mwizi. Leseni yake ni ya kuendesha boti. Kuongoza watalii Italia ni taaluma yenye sheria yake, Sheria namba 190 ya 2023, yenye mtihani wa kitaifa na orodha ya waliosajiliwa, na anayefanya kazi hiyo bila usajili anaweza kupigwa faini ya maelfu ya euro. Mwongozaji wa kweli ana kitambulisho chenye picha. Kwa hiyo na huyo ndugu yetu akikwambia "msijali, nitawaelezea mwenyewe kwa Kiswahili", ndani ya kasri atakuwa mpole kama mgeni wa harusi asiye na kadi. Kama mama mkwe hasikii Kiingereza, chukua mwongozaji aliyesajiliwa wa Kiingereza na mkeo amtafsirie mama pembeni. Inafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani, na waongozaji wengi wanapunguza kasi ukiwaambia mapema.

Tuje kwenye tiketi, maana hapo ndipo siku inapokufa. Mkishuka Isola Bella bila tiketi, mlicho nacho ni kichochoro cha maduka ya kumbukumbu, aiskrimu na mikahawa. Bustani maarufu, ile ya matuta kumi inayopanda kama piramidi, hamuingii. Tiketi ya kasri na bustani ni moja, na njia inapita kasri kwanza. Kwa hiyo mnapanga foleni dirishani, wiki ya Pasaka, na makundi ya mabasi yanayofika katikati ya asubuhi, huku zile dakika arobaini na tano zinakatika. Kulipa mnalipa upya, kwa kichwa. Mkipata tiketi, muda wa boti umebaki robo saa. Mkiingia, boti inasubiri na saa ya ziada inahesabiwa. Mkiacha, mmesafiri kutoka Milano kuja kununua sumaku za friji.

Ndiyo maana nakwambia tiketi nunua mwenyewe, kwenye tovuti ya Terre Borromeo, hao ndio wenye Bella na Madre. Mkitaka Bella na Madre kuna tiketi ya pamoja, na ni nafuu kuliko mbili mbali mbali. Pescatori haina geti wala tiketi, ni kijiji cha watu wanaoishi humo. Akikuandikia "viingilio vya visiwa vitatu" mwulize cha Pescatori kinalipwa kwa nani.

Halafu hesabu ya muda, ambayo hakuna dalali anayependa uifanye. Nusu siku yake ni masaa matatu, dakika 180. Una mikato minne: Stresa hadi Bella, Bella hadi Pescatori, Pescatori hadi Madre, Madre kurudi. Kuvuka kwenyewe ni kufupi, lakini kushuka, kupanda, kumshika mama mkono kwenye ubao wa gati, mtoto mmoja anataka choo. Weka dakika kumi kila mkato. Zimebaki 140. Chakula cha kukaa mezani Pescatori hakipungui saa moja, Waitaliano hawakimbizwi. Zimebaki 80. Isola Bella peke yake, kasri na bustani, inataka saa moja na nusu ukienda bila kuzubaa, na Madre inataka kama saa moja. Unaona hesabu ilivyo. Kinachokatwa siku zote ni Madre, "mtaiona kutoka kwenye boti". Na Madre ndiyo kubwa kuliko vyote, karibu hekta nane za bustani, tausi wanazurura nyasini, na mwezi wa nne ndio wakati wa maua. Mbele ya kasri kuna msaipresi mkubwa wa Kashmir ulioangushwa na dhoruba mwaka 2006, ukainuliwa upya na sasa umeshikiliwa na nyaya za chuma. Watoto wataukumbuka huo mti kuliko picha zote za ukutani.

Visiwa vitatu kwa utulivu ni masaa matano hadi sita. Kama bajeti ni ya masaa matatu, chagua viwili: Bella na Madre, mle mkirudi Stresa. Au Bella na Pescatori kama magoti ya mama hayapendi kupanda. Bella ina ngazi nyingi, hilo mjue; kigari cha mtoto kiacheni. Madre njia ni za kupanda taratibu, lakini ni ndefu.

Mwongozaji analipiwa kwa ajili ya Bella hasa. Huko ndiko anakostahili hela yake. Ujenzi ulianza 1632, Carlo III Borromeo akaubadilisha mwamba wa wavuvi kuwa kasri na kukiita kisiwa kwa jina la mkewe Isabella. Kuna chumba alicholala Napoleon mwaka 1797. Kuna ukumbi ambamo Mussolini, mtawala wa Italia, na wajumbe wa Uingereza na Ufaransa walikaa Aprili 1935 kujadili Ujerumani, na miezi michache tu baadaye huyo Mussolini akaivamia Ethiopia. Jambo hilo linatuhusu, na mkiwa peke yenu mwelekeze mwongozaji akae hapo kidogo. Kwenye kundi la watu hamsini anapita mbio. Chini kabisa kuna vyumba sita vilivyofunikwa kokoto na mawe ya rangi kuanzia sakafuni hadi darini, vilivyotengenezwa ili familia ikimbilie ubaridi wakati wa joto. Ukipita bila maelezo utadhani ni stoo iliyopambwa. Muulize pia yule farasi mwenye pembe moja juu ya bustani anafanya nini. Yumo kwenye nembo ya ukoo wa Borromeo, na ukishaambiwa utaanza kumwona kila kona, hadi kwenye mazulia ya ukutani.

Kwa hiyo ukitaka kupunguza gharama, punguza boti, usipunguze mwongozaji. Mwongozaji mkutane naye gatini Stresa asubuhi, awe na nyinyi nusu siku ya Bella na Madre, na mvuke kwa boti za umma za Navigazione. Msimu ukiwa umefunguliwa zinapita mara kwa mara na kuna tiketi ya siku ya kupanda na kushuka visiwani. Lakini sikiliza: tiketi ya boti za umma haipandi boti za binafsi, na ya binafsi haipandi za umma. Pale Stresa, kati ya maegesho na dirisha la Navigazione, utakutana na wanaume wenye mashati meupe na kofia za unahodha wanaokwambia "visiwa, visiwa, tunaondoka sasa hivi". Wengi ni wafanyabiashara halali na boti zao ziko sawa. Ila ukinunua kwao kwenda na kurudi, unarudi nao tu, kwa ratiba yao. Boti ya umma itakupita mbele ya pua nusu tupu na hutaipanda.

Ukiamua boti binafsi, hilo ni lako na lina raha zake, hasa na watoto. Basi uliza, kwa maandishi: boti nzima ni yetu au tunachanganywa na wengine? Inasubiri gatini au inaondoka na kurudi? Ikisubiri, ile saa ya kusubiri imo kwenye bei? Tukichelewa, saa ya ziada ni kiasi gani? Mvua na upepo ukizidi hela inarudi au tunabadilishiwa siku? Mchana upepo wa kusini unaamka ziwani, maji yanachafuka kidogo, mama mkwe anaweza kukaa kimya kwa namna ambayo unaijua. Kwa hiyo nendeni Bella geti likifunguliwa tu asubuhi, na saa za kufungua mziangalie kwenye tovuti yenyewe. Kupanda boti, Carciano ni gati tulivu kuliko lile la katikati ya mji, na mnatembea kidogo tu.

Kutoka Milano ni treni ya njia ya Domodossola, kama saa moja hivi. Mkikata tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igongeni kwenye mashine kabla ya kupanda, faini yake haina huruma kwa mgeni. Stesheni ya Stresa iko juu, mnateremka kwa miguu kama dakika kumi hadi ziwani.

Ujumbe wa kumtumia leo huu hapa, unakili: "Ndugu, naomba mchanganuo wa maandishi. Boti: bei, masaa mangapi, inasubiri au hapana. Mwongozaji: jina, picha ya kitambulisho chake, lugha, na anaingia nasi ndani ya kasri au anaishia gatini. Tiketi: za kasri gani, watu wazima wangapi, watoto wangapi, na nitumiwe tiketi zenyewe kabla ya safari. Kianzio nitalipa nikishapata hayo na risiti." Atakujibu kwa sauti. Madalali wote wanapenda ujumbe wa sauti, dakika tatu, "ndugu yangu wewe niamini". Mwambie aandike.

Mavazi, viatu visivyoteleza na koti jepesi. Hoteli na Como sijui, wengine watakujibu, mimi Como sina habari nayo leo. Hicho kianzio umeshatuma au bado?