Maswali na majibu: Terminali inapomeza herufi

Nimebandika tokeni (mfuatano mrefu wa herufi unaotumika kama ufunguo wa kuingilia) ya herufi kama 6,000 kwenye `cat > tokeni.txt` katika Linux, nikabonyeza Enter. Faili lina baiti 4,096 tu. `cat`, amri inayoandika kwenye faili ninachobandika, imeharibika?

`cat` haina kosa. Iliyokata ni draiva ya terminali (sehemu inayopokea unachoandika kwenye dirisha la amri) ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo. Katika hali yake ya kawaida, iitwayo `icanon`, draiva hukusanya mstari mzima kwanza, ili uweze kufuta ulipokosea, na huukabidhi kwa programu ukishabonyeza Enter. Nafasi ya kukusanyia ni baiti 4,096, na moja ni ya Enter yenyewe. Ukishafika 4,095, kinachofuata kinatupwa kimyakimya. Kimya hicho ndicho kinachoniudhi: ujumbe mmoja wa kosa ungewaokoa wengi usiku wa kutafuta kwa nini tokeni inakataliwa.

Andika `stty -icanon`, amri ya kuizima hali hiyo, kabla ya kuanzisha `cat` na kubandika. Hapo Ctrl-D haitafunga faili tena, kwa hiyo maliza kwa Ctrl-C, kisha rudisha hali kwa `stty icanon`. Hakikisha idadi ya baiti kwa `wc -c tokeni.txt`.

Na kwenye macOS?

Huko ni pabaya zaidi: kikomo ni baiti 1,024. Tiba ni ileile.

Mbona nikibandika mstari huohuo kwenye bash, programu inayosoma amri zangu, haukatwi?

Kwa sababu bash huizima hali ya `icanon` yenyewe na kusimamia uhariri wa mstari bila kuitegemea draiva.

Programu yangu inatoa megabaiti nzima kwenye terminali kwa `write()` moja, yaani ombi moja la kuandika. Nayo itakatwa?

Upande wa kutoa, Linux ni muungwana. Huipasua kazi vipande vya baiti 2,048 kwa kawaida, ikingoja terminali imeze kila kipande. Shida huanza ukiweka `O_NONBLOCK`, yaani agizo la kutongoja: bafa (nafasi ya kuhifadhi kwa muda) ikijaa, `write()` hurudisha idadi ndogo kuliko uliyoomba, na asiyeisoma idadi hiyo hupoteza mkia wa maandishi. Isome, uendelee kuandika kuanzia ilipoishia.

Nimekuta namba 32,767 kwenye msimbo wa Python unaohusu Windows. Ya nini?

Konsoli ya Windows, yaani dirisha lake la amri, ilikuwa ikikataa maandishi ya zaidi ya baiti 66,000 hivi kwa mkupuo, pengine hata pungufu, kutegemea kumbukumbu iliyobaki. Ilirudisha kosa namba 12, yaani nafasi haitoshi. Watunzi wa Python wakaamua kila mkupuo wa konsoli usizidi baiti 32,767.