Kaka, hiyo skolashipu ya mpira haikuwa bure

Kaka, shikamoo. Mama kaniambia mlinijadili kwenye kikao cha ukoo: kwamba binti yangu aliitwa na chuo kikubwa cha kwenye televisheni acheze softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, na kusoma bure, sisi wazazi wake tukakataa, tukampeleka kachuo kasikojulikana. Umeuliza pia kama binti yako naye anaweza kupita njia hiyohiyo. Nakujibu yote wazi, maana tukiyapamba maisha ya huku Marekani ndipo mnatuona tuna roho mbaya.

Neno "bure" ndilo limewapotosha. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza, yaani la juu kabisa katika michezo ya vyuo, kiliruhusiwa skolashipu 12 tu za softiboli, na timu ina wasichana ishirini na kitu. Kocha alizikata vipande: huyu nusu, huyu robo, yule hela ya vitabu. Baada ya ile kesi kubwa ya michezo ya vyuo kumalizwa Juni 2025, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya vinaruhusiwa kuwalipia wachezaji wote, ila kikosi kisizidi watu 25. Kuruhusiwa si kulazimishwa, kaka. Binti yetu aliahidiwa asilimia 30. Chuo kiko jimbo jingine, na gharama zote ni dola 58,000 kwa mwaka. Toa hiyo 30, tunabaki na 40,600 za kutafuta kila mwaka, kwa miaka minne. Shemeji yako anaendesha lori, mimi nahudumia wazee zamu ya usiku. Tungekopa mpaka tuzeeke.

Hata hivyo nilikuwa nimeshaanza kulainika. Mtoto huyu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na mrushaji yuko mita 13 tu mbele yake. Tangu ana miaka tisa nimekuwa nikimkanda kiganja cha kushoto kwa barafu kila Jumapili jioni, kimevimba hadi pete haipiti. Sheria inamkataza kocha wa daraja la kwanza kuzungumza na mtoto kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, na siku hiyo ilipofika simu yake haikutulia. Tulipoenda kukitembelea chuo, tulikuta jina lake limeshabandikwa kwenye kabati la chumba cha wachezaji. Alilia kwa furaha, na mimi nikalia.

Usiku, hotelini, nikafungua orodha ya wachezaji wao kwenye simu nikahesabu wadakaji. Wanne, na wawili kati yao wako mwaka wa kwanza. Anayedaka uwanjani ni mmoja. Asubuhi nikamuuliza kocha, akanijibu kwamba nafasi ni ya kupigania. Alisema kweli, simlaumu. Nikamuuliza la pili: binti anataka uuguzi, mafunzo ya wodini yakigongana na mazoezi itakuwaje? Akasema wachezaji wake wengi huchagua kozi nyingine. Hapo ndipo moyo wangu ulipotoka kwenye chuo kile. Na ujue ahadi ya mdomo haimfungi mtu. Kocha akihamia chuo kingine, anayekuja ana watoto wake aliowachagua.

Hicho mnachokiita kachuo ni cha daraja la tatu. Vyuo vya daraja hilo haviruhusiwi kumpa mchezaji hata senti kwa ajili ya mpira. Wanatazama alama za darasani na kipato cha nyumbani, basi, na kwa hayo mawili tumebakiwa na dola 13,000 za kulipa kwa mwaka. Mdakaji wao anamaliza mwaka huu. Wachezaji wawili wanasoma uuguzi, nilikaa nao mezani wakanionyesha ratiba zao. Hizo 13,000 ndizo zimefanya ujenzi wa ukuta wa kwa mama ukwame kwenye kozi ya tatu ya matofali. Naomba umweleze wewe, mimi kwenye simu nashindwa.

Sitakuficha kwamba binti bado ana kinyongo. Fulana ya chuo kile kikubwa ameikunja chini ya mto wake, na mimi nikitandika kitanda huirudisha palepale.

Sasa la mwanao. Najua anavyorusha mpira kwenye rede, nilimwona Krismasi ile. Lakini kocha wa huku anatafuta wachezaji kwenye mashindano ya klabu ambayo wazazi tunalipia kila wikendi, hoteli na mafuta juu yetu. Hatamwona mtoto aliyeko Moshi. Kisha msaada wa masomo wa serikali ya Marekani hauwahusu wanafunzi wa kigeni. Huyu wangu anaupata kwa kuwa ni raia. Mlango wa mwanao ni riadha. Muda wa mita 1,500 ni uleule Moshi na Houston, kocha anausoma hata kama hajawahi kumwona mkimbiaji, na Wakenya wamepita mlango huo miaka mingi. Wala usimlipe wakala yeyote anayekuahidi chuo kabla hujaniuliza.

Mpeleke uwanja wa Ushirika asubuhi kabla jua halijawa kali, mpime mara tatu kwa siku tofauti, uniandikie muda wote, hata ule mbaya. Jumapili baada ya ibada nitakupigia.