Achana na hilo fuvu! Mashine ya Puzzle Quest haikuibii

Mkuu mleta mada, weka hiyo PSP mezani. Usisogeze kitu.

Umeandika kwamba kwenye Puzzle Quest umekwama kwa zimwi, kwamba "mashine inaiba waziwazi", na kwamba kuanzia leo utachukua mafuvu tu kila ukiyaona ili ummalize kabla bahati haijamwangukia. Halafu ukauliza shujaa yupi ni bora kati ya wale wanne, alama za levo uzitupie wapi, kama kuna haja ya kuzingira miji, na kama DS ina nafuu kuliko PSP (mashine mbili za gemu za mkononi). Nitajibu yote. Ila hilo la mafuvu kwanza, maana nimelisoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Kwa wasioijua: ni gemu ya 2007, kazi ya Infinite Interactive ya Australia. RPG ya kizamani kabisa, una ramani ya nchi inaitwa Etheria, unatumwa huku na kule, unapanda levo, na mwishoni anakusubiri Lord Bane. Tofauti ni kwamba mkikutana na adui hamchapani mapanga. Mnakaa kwenye ubao wa vito, 8 kwa 8, wewe na mashine inayomchezea adui, mnapokezana zamu. Ukipanga vitatu vya rangi moja unapata mana ya kulogea. Ukipanga mafuvu matatu, adui anaumia. Ukipanga vinne unacheza tena. Na ubao ni MMOJA. Ninyi wawili, ubao mmoja. Shika hapo hapo, nitarudi.

Mimi nilifundishwa na jamaa mwenye banda la gemu mtaani kwetu. TV mbili za chogo, benchi moja la mbao, na yeye mwenyewe amekaa mlangoni na kopo la sarafu kama waziri wa fedha. Nilipomwonyesha PSP yangu ya mtumba na hii gemu, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwenda Australia akarudi: "Dogo, hii mashine inajua vito vinavyokuja toka juu. Huwezi kuishinda kwa akili. Dawa yake moja tu, ukiona fuvu, kula fuvu." Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Alikuwa na banda.

Baadaye sana, sana tu, niliona faili lake mwenyewe. Levo 9. Mtu wa levo 9 amenipa falsafa ya maisha. Siku hizi nasikia anauza mikeka ya uhakika huko WhatsApp, na wala sishangai.

Basi nikala mafuvu. Nikiona mafuvu matatu, nayachukua. Roho inafurahi, adui anapungua damu kidogo, halafu zamu yake inafika na ananiangushia jumba bovu. Anachukua mafuvu, anapata vinne, anacheza tena, vito vinadondoka vinajipanga vyenyewe, anacheza tena. Mimi nimekaa na mdomo wazi. Nikawa nasema kile kile unachosema wewe leo: inaiba. Wiki tatu kwa adui mmoja, mkuu. Nilikuwa hosteli, mtihani wa kati umekaribia, wenzangu wana vitini, mimi nina zimwi.

Usiku mmoja alikuwa amebaki na damu 4. Nne! Nikaona mafuvu matatu, nikayanyaka, akabaki na 1, nikaanza kushangilia. Yeye akasogeza kito kimoja na mimi nikafa. Nikairusha PSP kitandani. Sasa, vitanda vya hosteli ni vya chuma, jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu mwaka wa kwanza.

Fundi aliiangalia akaniangalia. "Imedondoka?" Nikamwambia imedondoka. Akasema, "Imedondoka kwa nguvu." Sh 60,000 ya kioo, hela ya boom, na mwezi ule nilikula ugali na chumvi ya kukopa. Nilimwambia mama nimepunguza kula kwa ajili ya afya.

Sasa njoo nikuonyeshe nilichokuwa nakifanya, maana ndicho unachotaka kukifanya wewe. Fikiria ubao. Upande wa kulia kuna mafuvu mawili yamekaa bega kwa bega. Kushoto kwake kuna kito cha kijani, na kushoto kwa hicho kijani, ngazi moja JUU zaidi, kuna fuvu la tatu. Hapo hakuna anayeweza kulitumia, kwa sababu linahitaji hatua mbili kufika. Limelala. Mimi nikaona bluu tatu, kuanzia chini yake kwenda kushoto, nikazipanga mlalo, nikapata mana yangu, nikatabasamu. Lakini ukitoa vito vitatu vya mlalo, nguzo tatu zinashuka ngazi moja. Fuvu lililokuwa juu likashuka, likawa sawa na wenzake wawili, limetenganishwa nao na kito kimoja tu. Yeye alilisukuma kulia hatua moja, basi. Na kama lilikuwa fuvu lile jekundu lenye +5, ambalo linalipuka na vito vilivyolizunguka, ndiyo kabisa.

Nani aliiba hapo? Mimi nilimtandikia meza, nikamnawisha na mikono.

Hili sikulijua kwa kufundishwa na mtu, nilijifunza gerezani. Ukishampiga adui wa aina moja mara 3, na kama umejenga gereza kwenye ngome yako, gemu inakuruhusu umteke. Unapewa ubao wenye vito vichache, hakuna kinachodondoka toka juu, na lazima uvimalize vyote, hata kimoja kisibaki. Hapo huwezi kusingizia bahati. Nilishindwa ya kwanza kama mara kumi na tano hivi, na kila niliposhindwa nililazimika kukiri kwamba niliondoa kito huku bila kuangalia kitakachoshuka kule. Nikawa nafuata nguzo kwa kidole kwenye kioo kipya (cha Sh 60,000, nilikigusa kwa adabu). Kurudi kwa zimwi, nikampiga kwa mara ya pili kujaribu. Mtu aliyenichelewesha wiki tatu.

Na Steve Fawkner, aliyebuni hii gemu, aliulizwa swali hili la wizi na watu wengi mno mpaka ikabidi ajitokeze kukana kwamba mashine inajua vito vinavyokuja. Namwamini, kwa sababu nilipoanza kuhesabu na vile vilivyonidondokea mimi bure, niliona vilikuwa vingi tu. Vyangu nilikuwa naviita akili. Vyake nilikuwa naviita wizi. Mashine ina faida moja tu: haichoki kuangalia. Kile kipande cha vinne kilichojificha kona ya juu kushoto, wewe hukioni saa sita usiku, yeye anakiona.

Kwa hiyo kabla hujagusa kito chochote, shusha ubao kichwani mwako kwanza, halafu ujiulize: yeye ataamka na nini? Akiamka na vinne, usisogeze hapo. Akiamka na mafuvu, usisogeze hapo, hata kama wewe unapata mafuvu pia. Mafuvu matatu ya kawaida ni damu kidogo tu, na zamu ya ziada aliyoachiwa yeye inaweza kuwa kifo chako. Ukiweza kucheza chini ya ubao bila kumfungulia, sawa. Usipoweza, cheza juu kabisa, ambako hakuna kitu kingi cha kushuka. Angalia pia anahitaji mana ya rangi gani kwa uchawi wake mkubwa, umlie hizo rangi hata kama wewe huna kazi nazo. Mimi kuna wakati nachukua nyekundu ambazo sina pa kuziweka, ili tu aendelee kuzitamani.

Na tafadhali usije na hoja ya "ila mafuvu yanamaliza haraka". Yalinimaliza mimi haraka.

Haya, maswali yako. Shujaa yeyote. Wanne wote wanaimaliza gemu kama wanaangalia kinachoshuka, na wote wanne wanakufa kwa zimwi kama wanakula mafuvu. Usianze upya, utapoteza levo zako na tabia utabaki nayo. DS au PSP: kwenye DS unatumia kalamu, na ukigusa vibaya ukasogeza vito visivyopangika, inakukata damu 5 na zamu unanyang'anywa. Kwa mtu mwenye hasira kama zetu, baki na vitufe. Kulikuwa na swali la miji sijui, na jingine, nimelisahau na simu yangu imebaki asilimia 6.

Leo usiku ukikaa na huyo zimwi, kabla hujasogeza mara ya kwanza, piga picha ya ubao uiweke hapa. Picha ya ubao, mkuu, siyo ya levo yako.