Kubadili Changarawe kwa Mchanga Samaki Wakiwa Tangini

Wenzangu wanaofuga samaki wa mapambo hapa Kigoma huniuliza mara kwa mara kama mchanga unaweza kuwekwa katika tangi ambalo tayari lina samaki na kichujio chake kimeshazoea kazi, au ni lazima kuvunja kila kitu na kuanza upya. Inawezekana bila kuwahamisha samaki, nami nimekuwa nikifanya hivyo katika matangi yangu na ya jamaa walioniomba msaada. Tahadhari yangu ni moja tu: kuitoa changarawe ya zamani kunataka uangalifu mkubwa kuliko kuuingiza mchanga mpya, ingawa wengi huweka hofu yao yote kwenye mchanga.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wanaoigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka maji yabadilishwe. Bakteria hao hujishikiza kwenye vitu: sponji ya kichujio, mawe, vioo na changarawe yenyewe. Anayeizoa changarawe yote kwa siku moja huondoa sehemu kubwa ya bakteria hao, na papo hapo hutibua tope lililolala chini yake, kwa hiyo amonia huongezeka wakati uleule ambapo wa kuiondoa wamepungua.

Kwetu sisi jambo hili ni zito kuliko kwa mtu anayefuga samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alikali nyingi. pH yake, yaani kipimo cha uasidi au ualikali wa maji, karibu na uso wa ziwa hukaribia 9, na matangi yetu huyajaza maji hayohayo, ama ya kuchota ama ya bomba ambalo chanzo chake ni ziwa. Amonia iliyomo majini huwa katika sura mbili, na ile inayowadhuru samaki zaidi huongezeka kadiri pH inavyopanda. Katika joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu hiyo haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8 inakuwa kama asilimia 5. pH ikiwa 9 inapita theluthi moja. Ndiyo maana maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya matangi ya maji laini, yanayomruhusu mtu kumaliza kazi yote kwa alasiri moja, siyafuati na simshauri mtu wa Kigoma ayafuate.

Kabla ya kununua chochote, tazama kwanza ni samaki gani ulionao. Wale wa jamii ya Tropheus, ambao huishi kwenye miamba na kula mwani unaoota juu ya mawe, hawana haja kubwa ya mchanga, na kama ndio pekee waliomo tangini mwako sioni sababu ya kujisumbua. Mambo ni tofauti kabisa kwa Lamprologus ocellatus, samaki mdogo anayeishi ndani ya magamba matupu ya konokono, hasa yale ya Neothauma tanganyicense, konokono ambaye hapatikani penginepo duniani isipokuwa katika ziwa letu. Samaki huyu huchimba na kulifukia gamba lake mpaka ubaki mlango tu, kazi ambayo juu ya changarawe haiwezekani. Xenotilapia naye hula kwa kuuchota mchanga mdomoni, kuuchekecha na kuutoa kupitia matamvua, na dume la Cyathopharynx furcifer hujenga kichuguu cha mchanga chenye shimo katikati ili kumvutia jike. Samaki wa namna hii akiwekwa juu ya mawe matupu ataishi, lakini nusu ya tabia zake hutaziona.

Swali la pili linahusu aina ya kichujio. Ikiwa tangi lako linatumia kichujio cha chini, yaani lile bamba la plastiki lenye matundu linalolala chini ya changarawe na kuvutwa maji kwa pampu ya hewa, usianze kazi. Mchanga huziba matundu hayo, na zaidi ya hilo karibu bakteria wote wa tangi la namna hiyo wamo katika changarawe utakayoitoa. Weka kwanza kichujio kingine, hata kile cha sponji cha bei nafuu, ukiache kifanye kazi sambamba na cha zamani kwa wiki kadhaa mpaka bakteria wahamie humo. Ni baada ya hapo tu ndipo changarawe inaweza kuguswa.

Kuhusu mchanga wenyewe, sishauri mtu achukue ndoo na kwenda kuzoa ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na katika Hifadhi za Taifa za Gombe na Mahale usiokote hata gamba la konokono. Mchanga wa mto unaouzwa kwa waashi unafaa kabisa, mradi uuchukue kwenye lundo ambalo halijachanganywa saruji wala chokaa. Mimi huuchekecha mara mbili: kwanza kwa wavu wa madirishani, ili kuondoa kokoto na mizizi, kisha kwa chekeche la unga lenye matundu madogo, ambapo vumbi jepesi linalopita hulitupa na kubakiza chembe zilizosalia. Mchanga laini mno kama unga hushikana, hauruhusu maji kupita, na hutibuka kila samaki anapopiga mkia.

Ukitaka kujua kama mchanga una chokaa ya asili, udondoshee siki. Ukitoa povu, utaongeza ugumu na pH ya maji. Kwa samaki wa Tanganyika hilo halina ubaya. Kwa mwenye samaki wanaopenda maji laini, huo si mchanga wake.

Kuosha ndiko kunakochosha, na ndiko watu wanakokatiza njia. Weka mchanga kidogo kidogo katika ndoo, usizidi robo yake, mimina maji kwa nguvu, uvuruge kwa mkono, kisha umwage maji machafu kabla mchanga mwepesi haujatulia. Rudia mpaka uweze kuuona mchanga ulioko chini ya ndoo kupitia maji yaliyo juu yake. Baada ya hapo mimi huuchemsha kwa sufuria kuukuu na kuuanika juani. Usiokote konokono wa vijito na mabwawa kwa nia ya kuwafanya wasafishe mchanga wako. Baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, na ugonjwa huo upo katika ukanda wetu wa ziwa.

Kwa kiasi, unene wa sentimita 3 unatosha samaki wengi. Tangi lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40 litahitaji lita 12 za mchanga, ambazo zikiwa kavu zina uzito wa takriban kilo 18 au 19; yaani ndoo ya lita 20 iliyopita nusu kidogo. Andaa zaidi ya hapo, kwa sababu mwingine utapotea katika kuosha.

Wapo wanaojaribu kukwepa kazi kwa kumwaga mchanga juu ya changarawe. Mchanga huteremka katikati ya kokoto, kokoto hubaki juu, na baada ya muda unakuwa na mchanganyiko usiopendeza na unaoficha uchafu mwingi kuliko mwanzo. Changarawe lazima itoke. Igawe sakafu ya tangi katika sehemu tatu, na ushughulikie sehemu moja kila baada ya wiki moja au mbili. Siku ya kazi, nyonya kwanza uchafu wa sehemu hiyo kwa mpira, pamoja na robo ya maji, kisha chota changarawe taratibu kwa kikombe cha plastiki ukianzia juu kwenda chini. Kiasi kidogo cha changarawe hiyo kitie katika soksi nyembamba ya nailoni, ufunge, na uining'inize ndani ya tangi karibu na kichujio. Bakteria waliomo wataendelea na kazi wakati mchanga mpya unazoea. Maji ya kujazia, kama ni ya bomba, yaache wazi usiku kucha ili klorini itoke. Katika kipindi chote hicho usiioshe sponji ya kichujio, na punguza chakula hadi nusu.

Mawe yanahitaji neno la pekee. Hakikisha jiwe kubwa linakaa juu ya kioo cha chini, au juu ya kipande chembamba cha plastiki kilichowekwa juu ya kioo, ndipo mchanga uzungushwe pembeni yake. Samaki wachimbaji hawajui kwamba wanaondoa msingi wa jiwe, na jiwe lililosimama juu ya mchanga siku moja litamwangukia samaki au kupasua kioo.

Kabla ya kuingiza mchanga, zima kichujio, kwa kuwa chembe zikivutwa ndani husaga mapangaboi ya pampu. Mimi hutumia kipande cha bomba la PVC la inchi 2: mwisho mmoja naugusisha sakafuni, mwisho wa juu unabaki nje ya maji, kisha namimina mchanga wenye unyevunyevu kwa kikombe. Mchanga hushuka ndani ya bomba na kutandazika chini bila kuchafua tangi zima. Maji yatapata ukungu kidogo, ambao si sumu na huondoka kwa saa chache. Acha vumbi zito litulie kwa nusu saa hivi, funga kipande cha sponji kwenye mdomo wa kichujio unaovuta maji, ndipo ukiwashe. Usikiache kimezimwa kwa saa nyingi, maana bakteria waliomo ndani hufa wakikosa oksijeni. Kwa sababu hiyohiyo sianzi kazi hii siku ambayo umeme umekuwa ukikatika tangu asubuhi.

Vipimo vya amonia vya matone ni adimu hapa mjini, lakini vinaweza kuagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, nami naona ni fedha iliyotumika vizuri. Pima kila siku kwa wiki ya kwanza ya kila sehemu. Amonia ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji na uahirishe sehemu inayofuata. Asiye na kipimo awatazame samaki: wakikaa juu wakihema kwa haraka, au wakibana mapezi na kukataa chakula, asisubiri kesho.

Mchanga ukishakamilika, usafi wake ni mwepesi kuliko wa changarawe, kwa sababu uchafu hubaki juu badala ya kuzama. Pitisha mpira sentimita 2 juu ya mchanga bila kuuchomeka ndani. Mara moja kwa wiki uvuruge kidogo kwa vidole mahali ambapo samaki hawachimbi, hasa kwenye kona, kwani pasipo oksijeni hutokea madoa meusi na gesi yenye harufu ya yai bovu. Ukiyakuta madoa hayo yameshakuwa makubwa, usiyavuruge yote kwa pamoja. Anza na kipande kidogo siku ya kubadilisha maji, na uendelee wiki inayofuata. Vallisneria, mmea ambao huota pia ziwani, hushika mizizi vizuri katika mchanga na kuufanya upitishe hewa, lakini upande kwenye kona ambayo wachimbaji hawaipendi, la sivyo utaukuta unaelea kila asubuhi.