Maswali ya Wasomaji: Allman Brothers, Wimbo kwa Wimbo

SWALI: Shikamoo, Bwana Mhariri. Mimi ni msomaji wako wa Ngamiani, hapa Tanga, niliyekulia katika nyumba iliyopiga santuri za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz tangu sijajua kusoma. Mwanangu ameniwekea kwenye simu albamu ya bendi ya Kimarekani iitwayo Allman Brothers Band, iliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu. Nyimbo ni saba tu, lakini mmoja wao unapita dakika ishirini, nami hupotea katikati. Naomba unipitishe wimbo kwa wimbo na unieleze nisikilize nini.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Albamu hiyo ni "At Fillmore East", nami ningempa mtu yeyote anayetaka kuufahamu muziki wa roki wa kusini mwa Marekani kabla ya kumpa nyingine. Bendi iliundwa mwaka 1969 mjini Jacksonville, Florida, kisha ikahamia Macon, Georgia. Ndugu waliotoa jina lake ni Duane Allman, mpiga gita, na mdogo wake Gregg, mwimbaji na mpiga kinanda cha Hammond. Pamoja nao walikuwa Dickey Betts mwenye gita la pili, Berry Oakley mwenye besi, na wapiga dramu wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Rekodi ilitokana na maonyesho ya Machi 1971 katika ukumbi wa Fillmore East, New York, chini ya usimamizi wa Tom Dowd, ikatoka Julai mwaka huohuo ikiwa santuri mbili ndani ya jalada moja.

Nimesema "gita la pili" kwa mazoea tu, kwa sababu katika bendi hii hakuna gita linalomfuata mwenzake. Katika muziki wetu wa dansi tumezoea kwamba solo hulia juu na rizimu hushikilia chini, ilhali Duane na Betts wote wawili ni wapiga solo, na kila mmoja humpisha mwenzake pale anapoona kwamba mwenzake ana neno la kusema. Sikio lililolelewa na dansi la Tanga lina faida kubwa hapa, maana wewe tayari unajua kufuatilia magita yakipishana kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, bila kungoja mwimbaji arudi. Vaa spika za masikioni, kwani magita hayo yamegawanywa, moja upande huu na jingine upande ule, na utawatambua wenyewe kabla ya wimbo wa tatu kwisha.

"Statesboro Blues" hufungua kwa sauti ya gita inayolia kama mtu. Duane alivaa kwenye kidole cha pete kichupa cha kioo cha dawa ya mafua, akakitelezesha juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole, na ndiyo maana noti zake hazikatiki bali hupanda na kushuka bila ngazi. Wimbo huu ni mfupi, wa dakika nne hivi, nao unatosha kukujulisha mkono wake. "Done Somebody Wrong" unaofuata uko katika mwendo huohuo, ukiongezewa harmonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, ya Thom Doucette, nami sina la kuuzidishia zaidi ya kusema kwamba ni mtamu.

Kwenye "Stormy Monday" tulia. Huu ni bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, ya polepole, na anayeimba, Gregg, alikuwa na umri wa miaka 23 tu, ingawa sauti yake ni ya mtu aliyekwisha kuzika na kuoa na kufilisika. Sikiliza jinsi magita yanavyomjibu kila anapomaliza mstari, kwa maneno machache na kwa sauti ya chini, na jinsi kinanda chake kinapopokea zamu mwendo unavyochangamka kwa muda kabla ya kurudi kwenye huzuni yake.

"You Don't Love Me" huchukua dakika kumi na tisa, na nadhani ndipo unapoanzia kupotea. Sehemu ya kuimba ni ndogo sana. Baada yake bendi nzima hunyamaza, Duane akabaki peke yake mbele ya ukumbi, bila besi wala dramu, akipiga sentensi moja, akiitazama, kisha akiijibu mwenyewe. Usisubiri kiitikio hapa. Msikilize kama unavyomsikiliza mtu anayefikiri kwa sauti. Karibu na mwisho anaingiza wimbo wa Krismasi unaofahamika makanisani kote duniani, katika mwezi wa Machi, na mimi kila ninapofika hapo husimamisha kazi niliyo nayo.

"Hot 'Lanta" hauna maneno, ulitungwa na wanabendi wote sita, na mwishoni utasikia ngurumo za ngoma kubwa za okestra alizopiga Butch Trucks. Pita, kwa sababu unaofuata ndio kilele changu.

"In Memory of Elizabeth Reed" ulitungwa na Betts, aliyechukua jina hilo kwenye kaburi la mama mmoja katika makaburi ya Rose Hill, Macon, mahali ambapo wanabendi walikuwa wakienda kukaa. Mwanzoni utadhani unasikia fidla: Betts anagonga uzi huku kitufe cha sauti cha gita kikiwa kimefungwa, kisha anakifungua taratibu, hivyo pigo la kidole halisikiki na noti inaibuka kutoka kimya. Ndipo magita mawili yanaimba melodi moja kwa pamoja, moja juu na jingine chini yake kidogo, kwa namna ambayo msikilizaji wa taarabu ya Black Star ataitambua upesi. Betts hupiga kwanza, hufuata kinanda, kisha Duane, anayeanza kwa upole na kupanda hadi mahali ambapo unajiuliza atashukaje. Wapiga magita hawa walikuwa wakisikiliza jazi ya Miles Davis na John Coltrane, na katika wimbo huu deni hilo liko wazi.

"Whipping Post" ni huo wako wa dakika zaidi ya ishirini. Besi ya Oakley huanza peke yake, na ukitaka kuelewa kwa nini inakuyumbisha, gonga meza kwa vidole ukihesabu tatu, tatu, tatu, mbili: jumla ni 11, hesabu ambayo miguu ya binadamu haikuizoea. Gregg, mtunzi wake, alisimulia kwamba hakujua kuwa ni 11 mpaka kaka yake alipomwambia, na kwamba maneno ya wimbo yalimjia usiku akayaandika kwa njiti za kiberiti zilizoungua juu ya kitambaa cha meza ya kupigia pasi. Katikati ya wimbo mwendo hupotea kabisa, vyombo vikanong'onezana, na wengi huzima hapo. Usizime. Wanabendi wanatafuta njia ya kurudi huku wakisikilizana, na wanaporudi kwenye ile hesabu ya 11 ukumbi mzima unajua. Ngoma kubwa unazozisikia mwishoni kabisa, sauti inapofifia, ni mwanzo wa wimbo mwingine, "Mountain Jam", uliotoka mwaka 1972 katika albamu ya "Eat a Peach".

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni msomaji wa Muheza. Nimeambiwa kwamba nyimbo nyingi za albamu hiyo ni za watu weusi. Je, vijana hawa hawakuvuna wasipopanda?

JIBU: Dada yangu, swali lako ni la haki, na huanzia kwenye ukweli. Nyimbo nne kati ya saba zina asili hiyo: "Statesboro Blues" ni ya Blind Willie McTell, mpiga gita kipofu wa Georgia aliyeirekodi mwaka 1928, "Done Somebody Wrong" ilirekodiwa na Elmore James, "Stormy Monday" ni ya T-Bone Walker, ya mwaka 1947, na "You Don't Love Me" ni ya Willie Cobbs. Anayemsifu Duane bila kuwataja hawa amesimulia nusu.

Lakini tazama pia walivyoishi. Kabla ya bendi, Duane alikuwa mpiga gita wa studio Muscle Shoals, Alabama, akiwapigia waimbaji weusi Wilson Pickett na Aretha Franklin, na hao walimkubali kwa mkono wake. Jaimoe ni mtu mweusi aliyekulia Mississippi na aliyewahi kumpigia dramu mwimbaji Otis Redding. Katika Georgia ya mwaka 1969, watu weusi na weupe kuishi nyumba moja na kusafiri gari moja lilikuwa jambo la kuonewa jicho baya, nao walilifanya kila siku. Hata zile dramu mbili zina jibu hapo: Trucks alisukuma wimbo mbele kwa nguvu, Jaimoe akaupamba kwa mkono wa jazi, na ukimwondoa mmoja nyimbo ndefu hazisimami.

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Chumbageni. Nasikia Duane alifariki muda mfupi baada ya albamu hiyo. Nikitaka kuendelea, nisikilize nini?

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu. Alifariki tarehe 29 Oktoba 1971 kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, akiwa na miaka 24, siku chache tu baada ya albamu kutunukiwa cheti cha dhahabu. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, Novemba 1972, Oakley naye alikufa kwa ajali ya pikipiki katika mji huohuo, akiwa na umri uleule.

Anza na "Blue Sky" katika "Eat a Peach". Betts anaimba, Duane anapiga solo ya kwanza, kisha kwa kitambo kidogo magita yote mawili yanakutana kabla Betts hajaipokea na kuimaliza. Rudia mara nyingi pale yanapokutana. Sisi wa Tanga tuliopata kuwa na Wilson na George Peter Kinyonga katika Jamhuri Jazz, kabla hawajaenda Arusha na kisha Kenya walikounda Simba Wanyika, tunajua jinsi watu waliopiga pamoja kwa miaka wanavyoweza kukabidhiana wimbo bila mshono kuonekana.

Kisha nenda kwenye "Jessica", ya mwaka 1973, wimbo usio na maneno ambao Betts aliupa jina la binti yake mdogo. Bendi haikumtafuta mpiga gita wa kukaa kwenye kiti cha Duane. Ilimwita mpiga piano, Chuck Leavell, na solo yake ya katikati ya wimbo huo inaonyesha kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi.