Bango si kushushwa hadhi

Ndugu, umeuliza kama kupangiwa bango (karatasi kubwa ya matokeo ya utafiti unayoitundika na kusimama kando yake) badala ya kuzungumza jukwaani kwenye kongamano la kimataifa la mikrobiolojia, yaani elimu ya vijidudu, ni kudharauliwa. Hapana kabisa! Jukwaani unapata dakika chache na maswali mawili matatu. Kwenye bango, mtu anayechunguza bakteria wale wale unaowachunguza wewe anasimama mbele yako, anauliza umewaotesha kwenye nini, kwa joto gani, na pengine anaona kasoro ambayo wenzako maabara hawakuiona. Watafiti wamekuwa wakifuata mazungumzo ya ana kwa ana kama hayo tangu kongamano la kwanza la kimataifa la mikrobiolojia, Paris, mwaka 1930.

Matokeo yaandike kwenye bango kwa maandishi makubwa. Data ambazo hujachapisha, fikiria mapema kama utaziweka, maana watu hupiga picha mabango.